Mbele Mnaganda, Nyuma Mnaokwa: Namna ya Kusawazisha Joto la Hita ya Karavani

Mtu akipita Mikindani akanikuta nimelala chali chini ya karavani, mkono umezama ndani ya bomba la hita, swali huwa lile lile: "Fundi, Mombasa hii, hita ya nini?" Ana haki ya kuuliza. Hapa mwezi wa pili watu hulala pangaboi imewekwa mwisho na shuka bado halitakiwi. Lakini karavani, hizi nyumba za kukokotwa na gari, hazikai Mombasa mwaka mzima. Shule zikifungwa mwezi wa nane, wenyewe huzivuta kupanda bara, Naro Moru, Nyahururu, Kinangop, mahali ambapo usiku pumzi humtoka mtu kama moshi wa sigara. Wakirudi, simu yangu huanza kulia.

Mzee mmoja wa Nyali alinieleza ugonjwa wa karavani yake kwa maneno ambayo sijayasahau. "Mwanangu, mimi na mama yako kule nyuma tulikuwa twaokwa kama mkate wa mofa. Watoto mbele wameganda. Sasa fundi mwingine aniambia ninunue hita kubwa zaidi. Wasemaje?" Nikamwambia asinunue kitu. Hita yake ilikuwa nzima. Bomba moja la hewa linalopita chini ya kitanda lilikuwa limelaliwa na sanduku la vyombo, likabanwa hadi likawa kama chapati. Kuliondoa sanduku na kulinyoosha bomba kulichukua muda mfupi kuliko kahawa tuliyokunywa baadaye.

Si kila siku mambo huwa mepesi hivyo, lakini somo huwa hilo. Joto lisipogawanyika sawa, usianze na moto, anza na upepo. Moto ndani ya hita ni mmoja tu. Upepo ndio unaoubeba na kuupeleka huku na huku, nao haujui kugawa kwa haki. Hufuata njia nyepesi. Mtu aliyekulia karibu na majahazi hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Hita yenyewe inavyofanya kazi

Nazungumzia hita ya gesi yenye feni, ile inayofichwa ndani ya kabati au chini ya benchi na kupeleka hewa moto kwa mabomba hadi kwenye matundu ya sakafuni au ukutani. Karavani za Kimarekani nyingi zina hita ya Suburban au Atwood, na mabomba yake makubwa aghalabu ni ya inchi 4. Za Ulaya nyingi zina Truma, na mabomba yake ni membamba zaidi, milimita 65. Dawa ni ile ile kwa zote, ingawa mwenye mabomba membamba hana nafasi ya kukosea.

Kwenye hizi za Kimarekani, themostati ikiona chumba kimepoa huita hita. Feni huanza kuzunguka kabla ya moto, ikisafisha chemba ya moto kwa sekunde kama 15. Ndani mna swichi ndogo yenye kibati chepesi mbele ya feni, nami huiita swichi ya tanga kwa sababu kazi yake ni ya tanga hasa: upepo ukiwa na nguvu ya kutosha hukisukuma kibati, swichi hupitisha umeme, gesi huruhusiwa, cheche hupiga, moto huwaka. Upepo ukiwa dhaifu tanga halijai, na gesi haifunguliwi kabisa. Kuna na swichi ya pili, ya kuzuia joto kupita kiasi. Hewa ikikwama karibu na chemba, swichi hii huuzima moto huku feni ikiendelea, na baadaye huuruhusu tena. Ndiyo maana mtu husema, "Hita yangu yaja na kukatika." Mara nyingi hita hiyo haijaharibika. Inajiokoa.

Hewa ya chumbani haiguswi na moto. Moto huwaka ndani ya chemba ya chuma iliyofungwa, hewa yake huingia kutoka nje na moshi wake hutoka nje, kwa matundu yale ya ubavuni mwa karavani. Hewa unayopumua hupita nje ya chemba hiyo, hubeba joto lake na kwenda zake. Hewa hizi mbili hazitakiwi kukutana kamwe.

Kabla ya kushika bisibisi

Chemba ikitoboka kwa kutu, hewa hizo mbili hukutana, na kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Ni ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha. Kwa hiyo king'ora cha kaboni monoksaidi kiwepo ndani ya karavani, chenye betri nzima, karibu na mahali watu wanapolala, na ukibonyeze kitufe cha kujaribia ukisikie kikilia. Ukikosa hicho, kazi hii isubiri. Ukiona masizi meusi kwenye tundu la moshi ubavuni, au mtu amelalamika kuumwa kichwa akiwa ndani, zima, usiendelee, mpe fundi wa gesi aliyesomea kazi hiyo aikague chemba. Usiiwashe tena kwa sababu ya kutaka kujua.

Viungo vya gesi hujaribiwa kwa povu la sabuni. Nimewahi kumwona mtu mzima akitumia kiberiti. Bado ana nyusi, lakini ni bahati.

Kila unapofungua kitu ndani ya hita, mtungi uwe umefungwa na waya wa betri umetolewa. Mimi mwenyewe mambo ya vali ya gesi na sindano yake, kile kitundu chembamba gesi inapotokea, siyagusi. Kazi iliyoandikwa hapa yote ni ya upande wa hewa na umeme mdogo.

Hatua ya 1: Waulize waliolala

Chukua karatasi, chora karavani kama unavyoiona ukiwa juu yake. Weka alama ya hita, matundu yote ya joto, themostati, vitanda, mlango. Kisha uliza nani alilala wapi na alihisi nini, usiku saa ngapi. Usimwulize mwenye karavani peke yake. Watoto husema kweli zaidi, kwani hawana aibu ya kulalamikia kitu cha baba.

Majibu yao hukuonyesha pa kuanzia. Tundu moja likiwa dhaifu siku zote na mengine mazima, kosa liko kwenye bomba la tundu hilo. Yote yakiwa dhaifu, shuku umeme au hewa ya kurudi, yaani ile ambayo feni huivuta kutoka chumbani. Joto likija na kukatika, hewa imekwama mahali. Na kama upepo unatoka vizuri kila mahali ila kitanda kimoja bado ni baridi, basi joto linafika lakini halikai, na hapo utaangalia madirisha na kuta.

Hatua ya 2: Pima upepo, hapa hapa Mombasa

Hapa ndipo wengi hukwama. Utajaribuje hita kwenye mji wa nyuzi 30? Themostati haiiti, na hata ikiita, nani atajua joto la hita ni lipi na la Mombasa ni lipi?

Usipime joto, pima upepo. Funga mtungi wa gesi. Sasa idanganye themostati: nunua barafu ya shilingi chache pale wanapouza samaki, itie kwenye kifuko, kiegemeze kwenye themostati kikiwa kimefungwa kwa kitambaa ili maji yasiingie ndani. Baada ya dakika chache itaamini iko Nyahururu, na feni itazunguka. Kwa vile hakuna gesi, hita itajaribu kuwasha mara kadhaa kisha itajifunga. Ikijifunga na feni kusimama, zima themostati, washa upya, endelea na tundu linalofuata.

Kupima chenyewe ni kwa mfuko. Mifuko ya plastiki ya madukani ilipigwa marufuku mwaka 2017, kwa hiyo tumia ule mkubwa mweusi wa takataka. Ukung'ute hewa yote, uvishe mdomo wake juu ya tundu la joto, na uhesabu kwa saa ya simu unachukua sekunde ngapi kujaa. Fanya hivyo kila tundu, mara mbili mbili, ukiandika kwenye mchoro wako. Kwa karavani ya yule mzee, matundu ya nyuma yalijaza mfuko kwa sekunde 5 na 6. La watoto lilichukua sekunde 21. Hapo hakuna tena ubishi wa nani ni mwoga wa baridi.

Usipokuwa na mfuko, kata ukanda wa karatasi ya chooni, uushike mbele ya tundu uone unavyoinama. Hautakupa hesabu ya sekunde, lakini tundu lililokufa utalijua.

Hatua ya 3: Hewa ya kurudi

Feni haitengenezi hewa. Huivuta chumbani, huipasha, huirudisha. Kwa hiyo hita ina mdomo, aghalabu wavu wa chuma au mbao zenye nafasi mbele ya kabati lake. Na kila karavani ninayoifungua, mbele ya mdomo huo nakuta viatu, mkeka uliokunjwa, jiko la ziada, mara moja hata gunia la viazi vya Kinangop. Toa vyote. Fagia wavu, vuta vumbi na nywele za mbwa.

Kisha angalia milango. Chumba cha watoto chenye tundu la joto lakini mlango wake umekazwa kila upande hakitapata joto, kwa sababu hewa inayoingia haina pa kutokea. Hujaa, na ikijaa haiingii nyingine. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya mlango, au weka kidirisha cha wavu. Wakati mwingine tiba yote ni kulala mlango ukiwa wazi kidogo.

Hatua ya 4: Mabomba

Hapa tega sikio, kwa maana kosa huwa hapa mara nyingi kuliko mahali pengine popote.

Fungua vifuniko vya matundu, toa droo, inua magodoro, ufuate kila bomba kutoka kwenye hita hadi mwisho wake. Usikubali kuona kipande na kukisia kingine. Penye giza, ingiza simu ikiwa inarekodi video na taa imewashwa. Utatafuta mambo haya.

Kubanwa. Bomba jepesi la foili lenye waya wa mzunguko hukubali kila linaloambiwa: sanduku, ubao wa kitanda, tangi la maji. Bomba la inchi 4 likiwa wazi lina eneo la sentimita za mraba kama 80. Ukilikandamiza nusu, unadhani umepoteza kidogo, kumbe upepo umeshalikimbia na kwenda kwa jirani yake.

Urefu wa bure. Aliyelifunga kiwandani alikata bomba refu kuliko haja, kisha akalisokota lienee. Kila kona na kila tumbo linaloning'inia hula upepo. Livute, likate ziada, lifunge upya likiwa limenyooka kadiri nafasi inavyoruhusu. Penye kona isiyoepukika, iwe pana kama kona ya barabara kuu, si kali kama kiwiko cha mkono. Kazi hii ya kukata na kunyoosha ni ya bure, na huenda ndiyo itakayokupa faida kubwa kupita kitu chochote utakachonunua.

Kuchomoka. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi za mtikisiko, na viungo vingi vilifungwa kwa tepu ya kitambaa. Gundi ya tepu hiyo haipendi joto. Hukauka, huachia, na bomba huanza kupasha moto nafasi ya chini ya sakafu, ambako halali mtu. Ibandue yote. Pangusa kiungo kwa spiriti, kikaze kwa klampu ya chuma, ndipo uzungushie tepu ya foili ya alumini. Tepu hiyo itafute kwa wanaouza vifaa vya friji na viyoyozi, au kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi.

Panya. Karavani iliyokaa uani miezi kumi ni nyumba ya mtu. Panya hutafuna bomba kwa sababu ndani ni pakavu na kimya, na mjusi hufuata. Bomba lenye tundu la panya usilizibe viraka vitatu vinne, libadilishe. Kama kipenyo hicho hakipatikani, fundi bati atakukunjia bomba gumu la bati kwa sehemu iliyonyooka, na bomba gumu lina faida: ndani yake ni laini, upepo hupita bila kusuguana. Wakati wa kununua usipewe bomba la plastiki la mashine ya kukaushia nguo au la feni ya chooni. Karibu na hita litayeyuka.

Mgawanyiko. Bomba moja likigawanyika mawili kwa kiungo cha herufi T, upepo hupenda kwenda moja kwa moja na kulisahau tawi la pembeni. Kiungo cha herufi Y hugawa vizuri zaidi. Truma wana viungo vyenye kibati cha ndani cha kuelekezea hewa. Kiangalie kimeelekea wapi kabla ya kulaumu bomba. Ikiwa hita yako ina mdomo wa ziada ambao haujatumika, wazo jema ni kukipa chumba cha mbali bomba lake peke yake kutoka kwenye hita. Soma kwanza kitabu cha hita kuhusu midomo inayoruhusiwa kufunguliwa.

Ukimaliza, rudi kwenye mfuko na saa. La watoto wa yule mzee lilishuka kutoka sekunde 21 hadi 8. Yaliyobaki yalikuwa ya kurekebisha tu.

Hatua ya 5: Umeme

Feni ikizunguka polepole, upepo kidogo uliopo huishia kwenye matundu ya karibu, na chumba cha mbali hakipati. Kwa hiyo upungufu wa umeme huonekana kama kosa la mabomba. Chukua maltimita, kile kipimo cha umeme. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.1, iko nusu. Sasa pima kwenye waya za hita yenyewe huku feni ikizunguka. Hita nyingi za Kimarekani zimeandikwa zifanye kazi kati ya volti 10.5 na 13.5, lakini usifurahie 10.8 kwa sababu iko ndani ya mipaka.

Linganisha namba mbili: ya betri na ya hita, kwa wakati mmoja. Betri ikisema 12.4 na hita 11.2, volti nzima na zaidi imepotea njiani. Kwetu pwani mwizi anajulikana: chumvi ya hewa. Fungua viungo vya waya uone ile kutu ya kijani kwenye shaba, kwenye fyuzi, na hasa pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chasi. Sugua kwa msasa hadi shaba ing'ae, kaza, paka grisi. Karavani iliyolala Diani mita mia kutoka baharini itataka kazi hii kila mwaka.

Vumbi kwenye mapezi ya feni nalo huipunguzia nguvu. Kama unajua kuifungua, isafishe kwa brashi laini. Kama hujui, mlipe anayejua.

Hatua ya 6: Sasa gawa upepo

Mabomba yakiwa mazima na umeme umetosha, ndipo uguse vidirisha vya matundu. Anza vyote vikiwa wazi kabisa. Kile kilicho karibu zaidi na hita kifunge robo. Pima kwa mfuko kila tundu. Ongeza kidogo, pima tena. Lengo si kwamba matundu yote yalingane kwa sekunde. Chumba chenye madirisha makubwa kinastahili zaidi, na choo hakihitaji kuwa hamamu.

Usifunge kabisa tundu lolote, achilia mbali mawili. Kila hita ina kiwango cha chini cha matundu yanayopaswa kubaki wazi, na kimeandikwa kwenye kitabu chake. Ukishuka chini yake, hewa itakwama kwenye chemba, ile swichi ya joto itaanza kuzima moto, na utakuwa umeununua ugonjwa wa hita inayokuja na kukatika kwa mikono yako. Nimeona mtu aliyeziba matundu mawili ya nyuma kwa soksi ili "joto liende mbele." Joto halikwenda mbele. Lilikufa.

Hatua ya 7: Themostati iko wapi?

Themostati hupima joto la pale ilipo, basi. Ikiwa juu ya tundu la joto, au karibu na jiko la kupikia, itasema nyumba imeshiba wakati watoto wanatetemeka. Ikiwa kwenye ukuta wa nje au pembeni mwa mlango unaovuja, itaifanya hita iwake usiku kucha. Ihamishie ukuta wa ndani, mita moja na nusu kutoka sakafuni, mahali ambapo hewa ya kawaida hupita lakini haipulizwi moja kwa moja. Kwa nyingi za zamani ni nyaya mbili tu, kazi ya nusu saa. Tundu la nyaya ulizotoa lizibe, kwani upepo wa baridi unaopita ndani ya ukuta na kutokea nyuma ya themostati huidanganya vizuri kuliko barafu yangu.

Hatua ya 8: Gesi na mwinuko

Hili Mombasa hulioni, utalikuta huko juu. Nyahururu iko kwenye mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito wa kama asilimia 80 ya hii yetu. Feni itazunguka kwa kasi ile ile lakini itabeba hewa pungufu, na hewa pungufu hubeba joto pungufu. Kwa hiyo kasoro uliyoiona ndogo hapa, ukasema "si neno," kule itakuwa neno. Moto nao hupata hewa kidogo. Usijaribu kuurekebisha mwenyewe kwa kuchokonoa sindano ya gesi.

Gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani hugeuka mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani husita ikikaribia sifuri yenyewe. Hita ikivuta gesi mfululizo, mtungi hupoa wenyewe kuliko hewa iliyouzunguka, na alfajiri ya Agosti mtungi mdogo uliobaki robo utatoa gesi kwa uvivu. Utaona umande mzito, hata barafu, upande wa chini. Beba mtungi wa kilo 13 badala ya wa kilo 6, na usianze usiku na uliokaribia kuisha. Mtungi hauingizwi ndani kulala na watu wala haumwagiwi maji ya moto. Kwa hesabu tu: hita ya BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) ni kama kilowati 8.8, na ikiwaka bila kuzima humaliza mtungi wa kilo 13 kwa saa 20 hivi. Kwa kuwa huwaka na kuzima, utapata usiku kadhaa.

Pia chungulia tundu la moshi na la kuingizia hewa, ubavuni. Nyigu hupenda kujenga humo vyumba vyao vya udongo karavani ikiwa imeegeshwa, na buibui nao hutanda humo. Ondoa kiota chote. Usiweke wavu wa mbu kwenye matundu hayo. Huziba na kuunyima moto hewa. Ukitaka kuyaziba wakati karavani imelala, ziba kwa kitambaa chekundu kirefu, kining'inie usikisahau.

Hatua ya 9: Madirisha na sakafu

Fupi tu. Kitanda kilichoegemea kioo kitakuwa baridi hata upepo ukiwa mzuri: pazia zito, au kipande cha povu la foili kilichokatwa sawa na dirisha. Mipira ya milango ikiwa imekauka kwa jua la pwani, badilisha. Pitisha mkono uliolowa maji kando ya mabomba ya maji yanapotoboa sakafu. Ukihisi ubaridi, ziba. Ila matundu ya hewa ya usalama, yale ya kudumu ya juu na ya chini, hayazibwi. Yamewekwa kwa ajili ya pumzi yako.

Hatua ya 10: Jaribio la kweli

Asubuhi ya Julai, saa kumi na moja alfajiri, Mombasa huwa na nyuzi ishirini na kidogo. Fungua mtungi, weka themostati mwisho, acha hita iwake kweli kwa dakika 20 madirisha yakiwa wazi kidogo na king'ora kikiwa kazini. Sikiliza: iwake mara moja, isikatike, na feni iendelee kidogo moto ukizima. Pitisha kipimajoto cha jikoni kwenye kila tundu. Kisha, kama una nafasi, usiende Nyahururu moja kwa moja. Lala usiku mmoja Wundanyi, kule Taita. Kuna baridi ya kutosha kukuonyesha kosa, na nyumbani si mbali.

Zile sekunde za mwisho za kila tundu ziandike kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati. Ukifika bara baada ya barabara ile, pima tena kwa mfuko kabla jua halijazama. Kiungo kilichoachia utakijua mapema, tochi isihitajike.

Yule mzee alinipigia kutoka Naro Moru usiku wa pili. Nilidhani ni shukrani. "Watoto wametupa blanketi," akasema, "lakini sasa mama yako asema nyuma kuna baridi." Nikamuuliza kama amekigusa kidirisha cha chumbani kwao. Akanyamaza. Alikuwa amekifunga nusu, kwa kukumbuka mkate wa mofa. Nikamwambia akifungue, abakishe robo tu iliyofungwa.